Babu Alipigania Bendera ya Nani?

Vijana wa Haut-Katanga, wawe wa Lubumbashi au wa huku Sakania mpakani na Zambia, wana swali ambalo wakubwa wao hulikwepa. Katika nyumba fulani ipo picha ya zamani. Kijana amesimama wima, kavaa kaptula na tarbushi, bunduki begani, na ukitazama vizuri utaona hana viatu. "Huyu ni babu yenu, alikuwa soda wakati wa Mbelgiji," anasema bibi, kisha anauliza kama sufuria imeshateremshwa. Mjukuu anabaki pale pale. Amheshimu mtu huyu kama shujaa? Au anyamaze, kwa kuwa aliyempa bunduki ndiye aliyetutawala?

Jibu langu ni kwamba amheshimu. Lakini kwanza amjue, maana heshima inayotolewa kwa mtu usiyemjua ni ya bei rahisi, na bendera aliyoipigia saluti isiachiwe kutuamulia habari zake zote.

Soda alikuwa nani?

Soda ni askari, na jeshi la kikoloni la Kongo liliitwa Force Publique. Liliundwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji miaka ya 1880, na lilikuwa jeshi na polisi kwa pamoja: mwezi huu linalinda mpaka, mwezi ujao linasimamia kodi au linazima mgomo. Maofisa walikuwa Wazungu pekee. Mwafrika alipanda mpaka vyeo vya usajenti, na hapo ngazi ikaishia, hadi mwaka wa uhuru, 1960.

Waliingiaje jeshini? Wapo waliojitolea, kwa ajili ya mshahara au kwa kuchoka na kijijini. Wengi zaidi walitolewa. Chifu aliagizwa idadi fulani ya vijana, na si machifu wengi waliowatanguliza wana wao wenyewe. Muda wa utumishi ulikuwa miaka 7. Kosa dogo lilijibiwa kwa kiboko.

Upande wa pili nao usemwe. Jeshi hilohilo ndilo lililotesa vijiji enzi za Leopold, watu walipolazimishwa kuvuna mpira. Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa kampuni ya migodi ya Union Minière walipogoma mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakidai nyongeza ya mshahara, waliowafyatulia risasi walikuwa askari weusi chini ya maofisa wa Kibelgiji. Mtoto wa mchimbaji wa wakati ule hana sababu ya kumpelekea soda maua, na sitamlaumu.

Basi tunapozungumzia kumheshimu askari wa zamani hatumtangazi kuwa mtakatifu. Tunakubali kwamba alikuwa mtu, kwamba alitumwa, kwamba mwili wake ulilipa gharama, na kwamba kuna waliofaidika na gharama hiyo bila kumjua kwa jina.

Nikisema "mkongwe wa vita" katika sura hii, nina maana ya yeyote aliyetumikia jeshi wakati wa vita kisha akarudi kwenye maisha ya kiraia. Nawahesabu humo wapagazi, watu waliobeba risasi, vyakula na majeruhi kwa vichwa na mabega. Majeshi mengi huwaacha nje ya hesabu, nami naona ni dhuluma, maana katika nchi isiyo na barabara hakuna risasi iliyofika mstari wa mbele bila kichwa cha mpagazi. Nawahesabu pia wake waliokaa kambini, wakapika, wakafua, wakauguza, kisha wakabaki wajane.

Mizigo iliyopita Sakania

Reli ya kutoka kusini mwa Afrika iliingia Kongo kwa mlango wa Sakania mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikafika Elisabethville. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, reli hiyo ndiyo iliyoifungamanisha Katanga na bahari ya kusini.

Mwaka 1915 ulipita juu yake mzigo ambao wazee wa stesheni hawakuwa wameuona mfano wake: mashua mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou. Zilipakiwa kwenye mabehewa Cape Town, zikaelekea Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa wakitamba na meli zao. Hapakuwa na reli nyingine ya kuingia Katanga kutoka kusini, kwa hiyo zilipita hapa. Mwisho wa reli wakati ule ulikuwa Fungurume. Kutoka hapo mashua zilivutwa nchi kavu juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe, na kwa nguvu za mamia ya watu waliokata miti, wakajenga madaraja na kuvuta kamba penye miinuko. Zilifika ziwani mwezi Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa.

Kamanda wa msafara ule, Geoffrey Spicer-Simson, ameandikiwa vitabu. Mashua zenyewe zina majina, na majina hayo yanajulikana mpaka Ulaya na Marekani. Sasa nitajie mtu mmoja wa Katanga aliyevuta kamba.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha wazi tatizo lenyewe. Hatukusahau vita. Vita vinakumbukwa sana, kwa tarehe na kwa meli. Watu ndio waliopungua katika kumbukumbu, na walipungua kwa utaratibu: ofisa aliandikwa kwa jina, askari kwa namba, mpagazi kwa jumla tu.

Kutoka Saisi hadi Burma

Kabla ya mashua zile, mwaka 1914, Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliomba msaada Kongo. Askari wa Katanga walivuka mpaka kwenda kulinda Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala. Mwaka 1915 walizingirwa na Wajerumani mahali paitwapo Saisi, wao pamoja na askari wa Rhodesia, nao wakashikilia ngome mpaka adui akaondoka. Mpaka ambao leo malori hupanga foleni siku nzima kuuvuka, vijana wa Katanga waliuvuka kwa miguu kwenda kuwalinda majirani. Wazambia na Wakongo wangeweza kuadhimisha jambo hili kwa pamoja, na ajabu ni kwamba hawafanyi hivyo.

Kisha ikaja safari kubwa. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani, na tarehe 19 Septemba yakaiteka Tabora. Mkuu wao, Jenerali Charles Tombeur, aliyewahi kuwa mtawala wa Katanga, alipewa ubaroni na kuitwa Baron Tombeur de Tabora. Sanamu yake ya kichwa ipo Saint-Gilles, Brussels. Kwa upande wa wapagazi, hesabu inayotajwa mara nyingi kwa vita vyote vya Wabelgiji katika Afrika Mashariki ni watu wapatao 260,000. Wengi wa waliokufa hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara, nimonia, njaa na uchovu. Mtu wa bonde lenye joto alipandishwa milima ya baridi na blanketi moja, anakula unga ambao tumbo lake halijauzoea, na akianguka mzigo wake unahamia kwa mwenzake.

Wajerumani walisalimu amri baada ya vita kwisha kwingine kote. Mkuu wao, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, alipata habari za amani kwenye mto Chambeshi, Zambia, tarehe 14 Novemba 1918, na akaweka silaha chini Abercorn tarehe 25. Pale Chambeshi pana mnara wa kumbukumbu.

Vita ya Pili ilikuwa na mkasa wake. Ujerumani iliivamia Ubelgiji Mei 1940 na kuishinda kwa majuma machache, lakini koloni likabaki vitani upande wa Uingereza. Fikiria jambo hilo vizuri: Mbelgiji wa Brussels ameshasalimu amri, Mkongo bado anapigana kwa niaba yake. Mwaka 1941 Force Publique ilikwenda mpaka Ethiopia kupambana na Waitalia, ikapita Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai huko Saio Jenerali Pietro Gazzera alijisalimisha kwa Jenerali Auguste Gilliaert. Askari wengine walipelekwa Nigeria, Misri na Palestina. Hospitali moja ya vita kutoka Kongo ilihudumu Madagaska, kisha Burma, upande wa pili wa Bahari ya Hindi.

Kwa ufupi, babu yule wa kwenye picha huenda aliona Tabora, Ethiopia au Burma. Na huenda pia hakuwahi kusimulia, kwa sababu hapakuwa na aliyemwuliza.

Fagio la Mwanza

Watu hufikiri heshima kwa askari wa zamani ni paredi, tarumbeta na shada la maua. Vyote hivyo ni vizuri. Lakini waulize wakongwe wenyewe, popote duniani, nao watakuanzia na mshahara, matibabu na kaburi.

Afrika Mashariki ina kisa chake. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai mishahara ambayo hawakuwahi kuipata. Ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, Tanganyika, na wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache mno walikuwa na cheti. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki aliyeleta fedha alimpa kila mzee fagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye ishara za bunduki, na hapakuwa na hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa tabasamu, kama uthibitisho wa utiifu. Mimi hakinichekeshi. Miaka 46 imepita tangu vita kwisha. Mzee amepoteza karatasi kwa mvua, kwa mchwa, kwa kuhama, na sasa mbele ya watu anafanyishwa gwaride na fagio ili apate kilicho chake. Na yule aliyebeba sanduku la risasi nyuma yake angeonyesha nini? Kubeba mizigo hakuna ishara za amri. Dawa ya deni ni kulipa, na deni linalolipwa kwa kuchelewa hivyo huwakosa wengi wa wenye nalo.

Kongo nayo ilionjeshwa matokeo ya kupuuza askari. Tarehe 5 Julai 1960, siku 5 baada ya uhuru, Jenerali Émile Janssens, mkuu wa Force Publique, aliwaandikia askari wake ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mamoja. Alitaka kuwatuliza. Kambi ya Thysville ikaasi, na siku chache baadaye maasi yakafika Elisabethville. Watu waliotumika kwa miaka na kuona raia wenzao wakigeuka mawaziri kwa usiku mmoja waliambiwa kwamba kwao hakuna kitakachobadilika. Mengi ya msiba uliofuata, pamoja na kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai chini ya Moïse Tshombe, yalipita kwenye ufa huo.

Ndipo mkongwe wa vita vya zamani akapotelea katikati. Mkoloni aliyemwandikisha ameondoka. Dola mpya inaviona vita vile kuwa si vyake. Mzee anakaa barazani na nishani ya shaba ambayo haiwezi kununua kidonge.

Vita vya Lubumbashi vinavyokumbukwa Delhi na Dublin

Tarehe 5 Desemba 1961, mjini Elisabethville, ofisa kijana wa India, Kapteni Gurbachan Singh Salaria, aliuawa akiongoza kikosi kidogo cha Umoja wa Mataifa dhidi ya kizuizi cha majandarmu wa Katanga. Majandarmu ndilo lilikuwa jina la jeshi la Tshombe. India ilimpa Salaria nishani ya Param Vir Chakra, ya juu kabisa kwa ushujaa vitani. Mwanafunzi wa India anaweza kusoma jina la mji wetu kwa ajili yake.

Miezi michache kabla, Septemba 1961, kampuni moja ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, chini ya Kamanda Pat Quinlan, ilizingirwa na majandarmu haohao Jadotville, ndiyo Likasi. Walipigana siku 5. Maji na risasi vilipokwisha walijisalimisha, bila mmoja wao kufa. Nyumbani walipokewa kwa aibu: kwa miaka mingi walitajwa kama watu walioinua mikono. Wakongwe hawakunyamaza. Katika miaka ya 2000 kikosi kilianza kusafishiwa jina, mwaka 2016 kikatambuliwa rasmi kwa ushujaa, na mwaka 2017 nishani zikatolewa. Quinlan mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Na upande wa pili? Likasi, Lubumbashi, Kolwezi kuna familia ambazo mtoto wao alikufa akiwa na sare ya jandarmu. Kujitenga kwa Katanga kuliposhindwa Januari 1963, wengi walikimbilia Angola. Baadhi walirudi na silaha mwaka 1977 na 1978, katika vita viwili vya Shaba, jina la Katanga wakati ule. Kwa serikali walikuwa waasi, kwa baadhi ya majirani zao wanajulikana mpaka leo kwa jina la Tigres, wengine wakilitaja kwa fahari na wengine kwa hofu.

Hapa najua baadhi ya wasomaji watakunja uso. Sisemi tusimamishe mnara wa kujitenga. Nasema orodha ya waliokufa inaweza kuandikwa kabla hatujakubaliana nani alikuwa na haki. Mama aliyempoteza mwana mwaka 1961 hakuhitaji uamuzi wa wanahistoria ili ajue mwanawe alizikwa wapi, na kumnyima jibu hilo hakukuifanya Kongo iwe moja zaidi.

Nishani moja Kinshasa

Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipozuru Kongo, alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyehudumu Burma, ambaye alitajwa kuwa Mkongo wa mwisho aliye hai kati ya wakongwe wa Vita ya Pili. Siku chache baadaye mfalme alikuja Lubumbashi. Picha ya koplo yule kwenye kiti chake, na mfalme ameinama mbele yake, ilienea sana. Ilikuwa ishara njema. Lakini nishani ile ilikuja baada ya zaidi ya miaka 75, na wenzake Kunyuku wote walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kwa hiyo swali halihusu wazee wa Tabora na Saio peke yao. Kongo ina Siku ya Mapinduzi na ya Majeshi, tarehe 17 Mei, na ina askari wanaokatwa miguu Kivu na Ituri hivi sasa. Kanali Mamadou Ndala, aliyeuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, anakumbukwa na taifa zima, na anastahili. Waliokufa naye wanatajwa na nani? Serikali imeunda mfuko maalumu wa yatima, wajane na majeruhi wa vita. Utaupima mfuko huo kwa jambo moja: je, mjane wa askari wa kawaida, asiyemjua mtu Kinshasa, anapokea chake bila kumwomba mtu wala kuonyeshwa fagio?

Kazi ya familia

Serikali ina sehemu yake, na wewe unayo yako. Familia yenye mkongwe, hai au marehemu, ianze na haya:

- Andika jina lake lote, la nyumbani na la jeshini. Makarani waliandika walivyosikia, hivyo usishangae ukikuta tahajia tatu za mtu mmoja.
- Tafuta namba yake ya jeshi, ile matrikile. Huwa kwenye kijitabu cha utumishi, nyuma ya picha, au kwenye nishani yenyewe.
- Mwulize bibi kabla ya kumwuliza mjomba. Wake walikaa kambini na wanakumbuka majina ya kambi, ya maofisa na ya marafiki waliokufa.
- Nenda parokiani. Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, na daftari za ubatizo na za ndoa zinaweza kukupa tarehe ambazo jeshi lilizipoteza.
- Andika na yasiyopendeza. Kama babu alikuwa zamu siku ya mgomo, wajukuu wa wachimbaji wana haki ya kuyasoma pia.

Kama hujui cheo chake, andika "askari". Kama alibeba mizigo, andika "mpagazi", wala usione haya.

Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi nchini Kongo. Asubuhi familia huenda makaburini kufyeka majani na kusafisha makaburi, na mchana hula pamoja na wazazi walio hai. Mwaka huu, ukienda na jembe na panga, chukua pia kopo la rangi na brashi. Andika juu ya kaburi jina, mahali alipopelekwa na mwaka. Kisha, kama jirani yako ni mzee aliyewahi kuvaa sare, yoyote ile, mwite mezani umwulize alikuwa wapi, na uandike anachokujibu.